Seumalo Fuarosa, Aliyekataa Mtu Mmoja Awe Wawili

Mchungaji, wazee matai, wakuu wa koo za Safotu, ndugu, majirani, nanyi wafanyakazi wa Hospitali ya Mtakatifu Luka mliovuka na feri ya asubuhi kutoka upande wa Apia, familia inawashukuru kwa kufika, kwa mikeka, kwa maboksi ya samaki na kwa machozi, na inawaomba mkae vizuri kivulini, maana marehemu alikuwa mtu wa maneno mengi na historia yake haiwezi kusomwa kama tangazo la mkutano.

Marehemu Seumalo Fuarosa Iosua alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 14 Aprili 1978 hapa hapa Safotu, kisiwani Savai'i, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Iosua Penaia, mkulima wa taro, na mama Fuatino, fundi cherehani aliyeshona nguo za kanisani za nusu ya kijiji hiki, kwa kutumia violezo vya karatasi alivyovitundika ukutani kwa misumari. Akiwa na miaka tisa marehemu alishusha kiolezo kimoja kwa siri, akamkatia shangazi yake gauni jeupe bila kumpima, na shangazi, kwa upendo, akalivaa Jumapili, akaimba zaburi nzima akiwa hawezi kuinua mikono. Mama hakumchapa, alimwambia tu, "Kiolezo hakijui kiuno cha mtu, mwanangu. Pima mwili kwanza, ndipo ukate." Tunaomba mlishike neno hilo, kwa sababu wahenga husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini marehemu alifunzwa na mamaye, na bado ulimwengu ukaja kurudia somo.

Alisoma shule ya msingi hapa Safotu kuanzia mwaka 1984 hadi 1991, akaendelea na sekondari mjini Apia hadi 1996, kisha akaenda Suva, Fiji, kusomea kompyuta, akahitimu mwaka 2000, na tarehe 5 Februari 2001 akaajiriwa na Hospitali ya Mtakatifu Luka, mjini Apia, kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya mablanketi.

Hospitali ilikuwa na kompyuta mapokezi, maabara na duka la dawa, ila zilikaa ua mmoja kama mawifi waliogombana, hakuna inayomsemesha mwenzake, na wauguzi ndio waliokuwa wakikimbia na bahasha za majibu kutoka jengo hadi jengo, mvua ikinyesha, wino ukichuruzika. Marehemu aliamua kuzipatanisha, akatengeneza viungo vya kupitishia taarifa kwa mkono wake, kimoja kimoja, kazi ya miaka, na kila maabara ilipobadilisha programu kiungo kilikatika, akaitwa tena. Muuguzi mkuu, Makerita Siale, ambaye yuko hapa leo na atakubali kwamba tunasema kweli, alikuwa akimpigia simu na kusema, "Rosa, ile mashine yako imenuna tena, njoo uibembeleze." Naye alikuwa akijibu, "Ipe chai, nakuja."

Katikati ya kazi hiyo alifunga ndoa takatifu na mwalimu Etuale Fiti, tarehe 18 Desemba 2004, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Penaia aliyezaliwa mwaka 2006 na Lusila aliyezaliwa mwaka 2009, na Etuale anataka ijulikane kwamba katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kushinda hoja hata moja.

Mwishoni mwa Desemba 2011, mnakumbuka, nchi yetu ilihamia upande wa pili wa kalenda na Ijumaa nzima ikafutwa, tukalala Alhamisi tukaamka Jumamosi, na viungo vyote vya marehemu, ambavyo havikuwahi kuambiwa kwamba siku inaweza kupotea, vilizira kwa pamoja. Ndipo alipokubali kuachana na kushona kila kitu upya, hospitali ikanunua violezo vya kuunganishia vilivyokwisha kutengenezwa na watu waliofanya kazi hiyo katika hospitali nyingi za ng'ambo, yaani namna iliyo tayari ya mapokezi kuiambia maabara kwamba mgonjwa amefika, ya maabara kurudisha majibu, ya daktari kuliagiza duka la dawa, na yeye akabaki na kazi ya kurekebisha hapa na pale. Kufikia Oktoba 2012 vyote vilikuwa vimewashwa, bahasha zikakoma, wauguzi wakapumzisha miguu, na Makerita akamletea sufuria nzima ya koko, kakao yetu ya kunywa.

Lakini kiolezo kile kilikatwa kwa mwili wa watu wengine. Kilimtambua mgonjwa kwa jina la ukoo wake, kwa kuamini kwamba mtu huzaliwa nalo na kuzikwa nalo, na marehemu, mtoto wa Safotu, aliyekua akiona wanaume wakiingia kwenye nyumba ya baraza na jina moja na kutoka na jingine, hakukipima. Desemba hiyo hiyo baba yake alisimikwa kuwa matai, akapewa jina la cheo cha ukoo, akawa Seumalo, na kama mjuavyo, jina hilo likishamkalia mtu ndilo linalotangulia popote aendapo. Siku ya Jumatatu tarehe 11 Machi 2013 mzee alifika hospitalini mguu umevimba, ana homa, karani akaandika Seumalo kwa heshima yote, na kompyuta ikamfungulia mtu mpya, asiye na historia, huku ile taarifa kwamba penisilini nusura imuue mwaka 1998 ikibaki kwa Iosua Penaia, mtu ambaye kwa kompyuta alikuwa mwingine kabisa. Mzee mwenyewe homa ilikuwa imemzidi, hakuweza kujieleza. Alichomwa sindano ya penisilini, koo likavimba, pumzi ikakatika.

Tunamshukuru Mungu, na tunamshukuru Daktari Tavita Loimata na wauguzi wa zamu, waliompigania mzee mpaka akarudi. Marehemu aliitwa kutoka chumba chake cha nyuma, akasimama mlangoni akitazama kazi ya mikono yake, na aliyewahi kumwona akicheka asingemtambua.

Baada ya siku chache alimfuata baba kitandani na barua ya kuacha kazi, akamwambia atavizima violezo vyote, warudi kwenye bahasha. Mzee, sauti bado imekwaruza, alimjibu, "Kosa moja haliachi mke, litaachisha kazi? Shangazi yako alibanwa na gauni, mama yako alichoma karatasi zake?" Akasema, "Hapana, baba." Mzee akasema, "Basi nenda kapime. Na hicho kitambaa cha machozi ni changu, kirudishe."

Alikwenda kupima. Alikaa na wazee matai kijiji baada ya kijiji, akila taro yao na kusikiliza, akajifunza kwamba mtu anaweza kuwa na jina la utoto, jina la baba, cheo cha upande wa baba na kingine cha upande wa mama, na akakitanua kiolezo kiunoni, ili jina jipya lisilifute la zamani, bali yakae yote chini ya mtu mmoja, kila moja na tarehe lilipoanza, na onyo la dawa lionekane kwa jina lolote atakaloitwa. Kilichobaki cha kiolezo hakukigusa, kwa sababu kilikuwa kizuri, na kwa kiolezo hicho hicho, kufikia mwaka 2016, aliziunganisha zahanati za kisiwa hiki moja baada ya nyingine, kazi ambayo kwa mkono asingeimaliza hadi uzeeni. Kila alipofundisha wafanyakazi wapya alianza na gauni la shangazi, akamalizia na sindano ya baba, na hakuwahi kusema "ilitokea", alisema "nilikosea".

Mzee Seumalo Iosua aliishi miaka sita zaidi, akambeba Lusila mabegani siku ya watoto kanisani, akafariki usingizini Februari 2019. Miaka hiyo sita familia inaihesabu kuwa zawadi. Tarehe 20 Novemba 2021 ukoo ulimpa marehemu jina la baba yake, akawa Seumalo.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji Auckland mwezi Novemba, akarudi kutibiwa Apia na mwishowe kwenye zahanati yetu hapa. Siku ya kwanza karani kijana aliandika Seumalo, akaona Seumalo wawili kwenye orodha, akashtuka, "Mama, huyu Seumalo si alishafariki?" Marehemu akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Huyo ni baba. Shuka chini, mwanangu, utanikuta." Akashuka, akamkuta, na kila kitu chake kuanzia chanjo za Safotu za mwaka 1978. Katika ugonjwa wote huo hakubeba bahasha hata moja. Alifariki Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Etuale.

Familia inamshukuru Daktari Loimata, madaktari wa Auckland, muuguzi Makerita aliyelala sakafuni kwetu bila kuombwa, majirani waliochimba, waliopika na waliosuka, kwaya, na wafanyakazi wenzake, ambao tunawaomba wasiifute taarifa yake, waandike tu tarehe ya mwisho, kama alivyowafundisha.

Fuarosa, mtoto wa Iosua, pumzika kwa amani. Seumalo, pumzika kwa amani. Tunajua ni mtu mmoja.