Mama Aliyekataa Kumimina Maji Moto

Mwaka wa 1964, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alikufa kule Paya, na hapo ndipo shida ilipoanza. Nasema mapema: mimi nimesoma hadi darasa la pili tu, kwa hiyo anayetaka maneno matamu amtafute mwalimu. Akina mama wa chama hiki, mwezi uliopita mlinisaidia kumzika mama. Mlipika, mlifagia, mlilala kwenye mikeka. Wengi wenu mlimjua akiwa bibi kizee wa kuwabembeleza wajukuu. Leo nawaambia alikuwa nani.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walisema mama arithiwe na baba mdogo. Ndiyo ilikuwa desturi. Mama akakataa. Baba mdogo alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Mke wake wa kwanza alikuwa na kovu juu ya jicho. Mama akanishika mkono, tukapanda basi Tororo, tukavuka mpaka wa Busia hadi kwa kaka yake, aliyekuwa na duka dogo la chumvi na mafuta ya taa.

Hatukumaliza hata msimu mmoja wa mavuno. Watu wa Paya walikuja, wakaketi uani kwa mjomba.

"Turudishieni ng'ombe wetu," wakasema.

Mjomba akainamisha kichwa. Ng'ombe wa mahari ya mama ndio aliowatoa yeye kumwoa mkewe. Aliyetoka kujibu alikuwa huyo mkewe, mikono imejaa unga.

"Ng'ombe ni mimi hapa," akasema. "Nani ananichukua? Lakini nawaonya, nakula sana."

Watu wakacheka, hata wale wageni. Baba mdogo hakucheka. Alinitazama mimi.

"Basi ng'ombe wabaki, shemeji naye abaki," akasema. "Mtoto ni wa ukoo. Huyu ni msichana, ataleta ng'ombe wengine."

Ndugu zangu, nilishikwa kama kuku wa kupelekwa sokoni. Mjomba alijua kwamba mtoto wa mke aliyetolewa mahari ni wa upande wa baba, kwa hiyo hakuinuka. Mama aling'ang'ania gauni langu mpaka likachanika kwapani. Sauti ya kile kitambaa naikumbuka kuliko kilio chake.

Paya nikawa mtu wa kuteka maji na kufukuza ndege kwenye shamba la wimbi. Asubuhi moja nikamwona mama anakuja, mzigo kichwani. Alinipita bila kunisalimu, akaenda kupiga magoti mbele ya baba mdogo. "Nimekuja," akasema. Basi. Akarithiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimkimbia.

Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mama aliye mbali hana neno siku ya mahari." Sikuelewa. Nilielewa kipigo tu, kwa sababu nyumba ilikuwa ya udongo na mimi nililala upande wa pili wa ukuta. Nifanye nini? Nilikuwa mtoto. Nilikuwa naziba masikio.

Nilipofika miaka kumi na minne, wachumba wakaanza kuja. Mlioolewa kule mnajua mambo ya chungu: pombe ya wimbi inanywewa kwa mirija, na lazima iongezwe maji moto. Siku ya posa, kwetu, anayemimina ni mama mzazi wa msichana. Akimimina mwingine, watu wanasema ndoa hiyo haitazaa. Kwa hiyo hakuna anayethubutu.

Wageni wa kwanza wakaketi. Wakafyonza mpaka mirija ikalia.

"Maji yako wapi?" baba mdogo akauliza.

"Kuni zimelowa, Mzee."

"Zimelowa na jua hili?"

"Zimelowa."

Wageni waliondoka na kiu yao. Yaliyompata mama baada ya hapo siyasemi, kuna watoto hapa. Wa pili wakaja, kuni zikawa zimelowa tena. Safari hiyo alivunjwa kidole, na hakikunyooka tena.

Wa tatu alitoka Sop Sop, mtu mzima mwenye wake wawili na baiskeli mpya. Siku hiyo baba mdogo aliwasha moto yeye mwenyewe. Maji yakachemka. Mama akayachukua, akaenda nayo hadi kwenye chungu, nami nikajua nimekwisha.

Akaiweka sufuria chini.

"Wazee, mimi nilimkataa mtu, na leo niko nyumbani kwake. Hilo mnalijua. Huyu naye muulizeni."

Mzee mmoja wa wageni akanigeukia. "Binti, unamtaka huyu?"

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mama alikuwa ananitazama, na sikuweza.

"Anaona haya," mmoja akasema. "Kunyamaza ni kukubali."

"Mimi nimemzaa," mama akasema. "Akikubali jambo hanyamazi, anapiga kelele kama kasuku. Mmeshamsikia."

Yule mzee akatoa mrija wake kwenye chungu. Wenzake wakatoa yao. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja tena kuniposa Paya, na baba mdogo akachoka kunilisha. Akaniruhusu niende Busia.

Mama alibaki. Kila nilipomwambia aje, alisema, "Nikitoka, watakufuata." Alibaki mpaka baba mdogo akafa. Alipofika kwangu alikuwa na mvi kichwa kizima. Nilimpa chai, kitanda, wajukuu. Miaka ile sikuweza kumrudishia, na sitaweza.

Namshukuru mke wa mjomba, aliyenipokea na kunifundisha kuuza dagaa. Nawashukuru ninyi mliokuwa mnamgeuza kitandani wakati mgongo wangu umekataa. Nililojifunza ni hili: usimwambie binti yako "vumilia" kabla hujamuuliza, na akinyamaza, usimjibie.

Leo nina nyumba ya matofali hapa Busia. Nina meza ya dagaa sokoni na mashine ya kusaga. Nina shamba lenye hati, na jina langu pale naweza kulisoma. Nina watoto watano na wajukuu. Nina mume mmoja, mzee mbishi, niliyemchagua mwenyewe.