Leodgar Bonifasi Rusimbi (1948–2019): Mpeleka Samansi Aliyerudi na Karatasi

Mzee Leodgar Bonifasi Rusimbi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1948 huko Heru Juu, Kasulu, mtoto wa tatu wa Mzee Bonifasi na Mama Yustina. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1964. Alikuwa akimsomea bibi yake barua za wanawe waliokwenda kukata mkonge, na bibi hakukubali aruke hata neno moja.

Mwaka 1969 aliajiriwa mahakamani kupeleka samansi, karatasi za kuwaita mashahidi. Kuanzia Katubuka na Ujiji hadi vijiji vya ufukweni, ambako dagaa walianikwa mpaka milangoni mwa watu, baiskeli yake ilijulikana. Hakutupa karatasi na kuondoka. Alisalimia, akakaa, akaisoma yote kwa sauti, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma.

Tarehe 7 Juni 1975 alifunga ndoa na Bi Marcelina wa Buzebazeba. Walionana siku alipompelekea baba mkwe samansi. “Alisoma vizuri mno,” Mama Marcelina husema hadi leo, “nikatamani na mimi nishtakiwe.”

Wakubwa wanaukumbuka mji wetu wa ziwani ulivyokuwa mwaka 1997: maboti yakishusha watu kutoka ng’ambo ya ziwa, sokoni Kirundi na Kiswahili cha Kongo vikichanganyika na Kiha chetu, kila nyumba ikiwa na mgeni. Agosti mwaka huo, mwendesha mashtaka mmoja alimkabidhi karatasi ampelekee Honorata, mkimbizi kutoka Burundi aliyeona chakula cha kambini kikiibwa. Mzee aliisoma mlangoni kwake kambini, na katikati akasimama, akaikagua upya. Karatasi ilimwita mama huyo ofisini kwa mwendesha mashtaka, si mahakamani. Haikuwa na saini ya hakimu. Mwisho ilisema akikaidi atafungwa kwa kudharau mahakama.

Honorata alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni. Mkimbizi akikutwa nje ya kambi bila kibali halali, na karatasi ile haikuwa kibali, aliweza kurudishwa mpakani, na huko ndiko mumewe alikouawa.

“Kaa, mama,” Mzee alimwambia. “Huendi popote. Kosa ni langu, nimeibeba bila kuisoma.”

Akairudisha kwa aliyeiandika.

“Wewe tarishi, umekuwa wakili lini?” mwendesha mashtaka alifoka.

“Sijawa, afande. Lakini huyu mama ataidharauje mahakama ambayo haijamwita?”

Kwa jibu hilo, mwendesha mashtaka aliiomba mahakama Mzee mwenyewe afungwe kwa kudharau mahakama. Kazi ya miaka ishirini na nane ilikuwa ikining’inia. Hakimu, Bi Asia, aliisoma karatasi mara mbili.

“Wewe kazi yako ni kuomba. Anayeita shahidi ni mahakama,” alimwambia mwendesha mashtaka. “Na mahakama ikidharauliwa, nitasema mimi.”

Akatoa samansi mpya yenye saini yake. Mzee aliipeleka na kuisoma yote. Honorata alikuja na kibali, akaeleza alichokiona mbele ya watu wote, na jioni akarudi kwa wanawe.

Hakuna barabara inayopewa jina kwa jambo kama hilo, na hiyo ni aibu yetu. Wapo watu wenye elimu na vyeo ambao wangeifikisha ile karatasi na kulala usingizi mzuri.

Mzee alistaafu mwaka 2008. Kisukari kilimwanza mwaka 2014, kikamchukua mguu mmoja, lakini hakikumnyamazisha. Majirani walimfuata barazani awaeleze barua za serikali. Alifariki nyumbani Katubuka tarehe 3 Machi 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Bi Marcelina, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na dada yake, Bi Safina.

Huko alikokwenda, asiwepo wa kumtisha. Apumzike kwa amani.