Dakta Pierrette na Safari za Kilwa za Mwezi Mpevu

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wazee wa vijiji vya ufukweni, na ninyi wageni wa mradi mliochelewa, ambao familia imewatunzia viti vya mbele kwa sababu tumelelewa vizuri, leo Jumamosi, tarehe 4 Oktoba 2025, hapa Nchelenge, tunawasomea maisha ya binti yetu, Dakta Pierrette Mwewa Kyona, kama tulivyoyaona sisi, siyo kama yalivyofupishwa kwenye utepe wa shada mlilolileta, unaosema alikuwa mtumishi wa watu wagumu kufikiwa. Watu hao wameketi pale nyuma kwenye mikeka, wametoka kisiwa cha Kilwa, hiki cha ziwani kwetu, kwa mitumbwi, na walifika kabla ya shada.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Pweto, upande wa Kongo wa ziwa letu la Mweru, mtoto wa pili wa Mzee Barthélemy Kyona, muuza nyavu, na Mama Aurélie, mkausha samaki, akaanza shule mwaka 1990, mtoto mwembamba, mbishi, asiyekubali jibu la mwalimu mpaka alione kwa macho yake. Desemba 2000 vita vilipofika Pweto familia ilivuka mpaka kuja huku Zambia, ikapokelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kala, Kawambwa, ambako alijifunza Kiingereza na Kibemba kwa pamoja, akamaliza sekondari mwaka 2004, akapata ufadhili wa kusoma Lusaka, akahitimu udaktari mwaka 2012, kisha akaongeza miaka miwili ya elimu ya kufuatilia jinsi ugonjwa unavyotembea kati ya watu.

Tarehe 7 Septemba 2013 alifunga ndoa na mwalimu Goodson Chama, mtu mpole ambaye tulimwonya mapema kwamba mke wake atamshinda kwa maneno, naye akasema hilo ndilo lililompendeza, na Mungu akawajalia watoto wawili, Thelma na Chris.

Februari 2015 aliajiriwa na mradi wa utafiti wa virusi vya UKIMWI, uliokuja kuwachunguza wavuvi, wanawake wachuuzi wa samaki na watu wanaovuka mpaka kwa mitumbwi, chini ya Dakta Boyd, ambaye tunaye hapa, wa tatu kutoka kushoto. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza, kuwapata watu hao walipo, kuwapima, kisha kituo cha dawa kiwekwe palipo na wagonjwa, na kila mtu alijua kwamba kituo kilikuwa kimepangiwa Kilwa.

Sasa sikilizeni maarifa ya wakubwa. Dakta Boyd alichagua kwenda Kilwa mwezi Januari 2016, na kila aliyeketi hapa, hata mtoto aliyebebwa mgongoni, anajua kwamba tangu Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa kwa amri ya serikali, kambi za wavuvi zinabaki tupu, wenye mashamba wanarudi bara kulima mihogo, wengine wanavuka kwenda kwa shemeji zao Kongo. Pierrette alimwambia hivyo ofisini, akarudia bandarini huku maji ya chupa yanapakiwa kwenye boti, akajibiwa kwamba kalenda imeshapitishwa Lusaka, nasi hatujui kama samaki nao walipelekewa nakala. Walikuta mbuzi, vikongwe wachache na vichanja vya kukaushia samaki, wakageuza boti, na ripoti ikasema wavuvi wa Kilwa ni wagumu kufikiwa, wanajificha, hawawaamini wataalamu. Wanajificha, jamani! Watu waliokuwa wanapalilia mihogo kando ya barabara, wakapigiwa honi na gari la mradi wapishe!

Ripoti iliposomwa mkutanoni Pierrette alisimama, hasira imemkimbizia Kiingereza chote, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mutu ya kuuzisha mukate anabafikia kila siku, mutu ya chumvi anabafikia, sasa siye benye diplome njo tunashindwa? Bale batu habakujificha, siye njo hatuyuwe kuenda." Wakubwa walicheka kwa adabu, wakaenda kula.

Kwa ripoti hiyo kituo kikahamishiwa bara, kando ya lami. Mdogo wake marehemu, Reine, aliyekuwa ameolewa Kilwa, alikuwa anatumia dawa za UKIMWI, na Mama Aurélie ameridhia tulitamke hilo leo bila kunong'ona, ikawa kila dawa zinapokwisha lazima avuke ziwa, upepo ukikataa harudi nazo, akakosa mara moja, akakosa tena, akakosa mara nyingi, na tarehe 19 Agosti 2016 akafariki akiwa na miaka ishirini na saba. Huyo ndiye mtu aliyekuwa mgumu kufikiwa, na dada yake Pierrette alikuwa amelala nyumbani kwake Kilwa Krismasi iliyotangulia. Familia ilikasirika wakati ule na bado imekasirika.

Tangu siku hiyo Pierrette hakumwomba mtu kalenda. Mwaka 2017, wakimbizi wenzetu walipokuwa wanashuka kwenye mitumbwi kutoka Kongo na kupelekwa kambi ya Kenani, alikuwa huko akiwapima na kuwafariji kwa lugha yao, na Juni 2018 akaenda Kilwa kwa njia yake, siku za mwezi mpevu, kwa sababu chisense, dagaa wetu, huvuliwa kwa taa katika giza, na mwezi ukiwaka mvuvi hana kazi ziwani, yuko ufukweni anashona nyavu, anacheza draft, anatafuta mtu wa kubishana naye. Akabishana nao, akawapima, wake kwa waume, wakapanga foleni wenyewe, na hesabu yake ikawaaibisha wakubwa hata boti ya dawa ikapatikana, ikaanza kwenda Kilwa kila mwezi mpevu tangu Machi 2019. Matokeo hayo Dakta Boyd aliyasoma mkutanoni Ulaya, na picha yake amevaa jaketi la kuokolea imekaa vizuri sana, ila mwenye macho anaiona kamba ya boti bado imefungwa bandarini Nchelenge. Kilwa hajarudi mpaka leo.

Novemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kwenye boti, safari ya mwisho ikiwa Julai mwaka huu, akisafiri amelala juu ya magunia ya unga na kuwakaripia wanaomwonea huruma, hadi alipofariki nyumbani kwake, mikononi mwa mumewe, Alhamisi tarehe 2 Oktoba, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha, akina mama wa kanisa, na watu wa Kilwa. Wenzake wa kazini tunawashukuru pia, mmoja mmoja, kila mtu kwa kadiri yake.

Tumesikia minong'ono kwamba muuguzi Méschac, aliyefanya naye kazi miaka yote ya boti, hakuonekana msibani. Wiki iliyopita, marehemu akiwa bado anapumua, ofisi ya mradi ilitoa amri boti ipelekwe mjini Mansa mpaka apatikane mtaalamu mwingine, na jana likaja gari la kuivuta, likakuta gati tupu. Tunaomba radhi kwa dereva. Pierrette alisikia ile amri akiwa kitandani, akamwita Méschac, akamwambia, "Usinizike. Watu wako na dawa ya siku kidogo tu. Enda." Méschac alipakia dawa, akaondoka juzi huku analia, na Jumanne hii, mwezi ukiwa mpevu, atazigawa kule kule Reine alikozikosa. Boti ni ya mradi, hilo hatubishi, iko ufukweni Kilwa, na Dakta Boyd akiitaka, watu waliokuja kwa mitumbwi wanarudi leo jioni na wamemwekea nafasi ya kukaa.

Lala salama, Pierrette, kazi imeshavuka.