Tumbaku Niachieni Mimi

Sogeeni karibu, watoto wa kaka yangu, maana sauti yangu haifiki tena hata mlangoni. Livhuwani, niinue kidogo, niwekee ule mto mgongoni. Hivyo. Na wewe Mulalo, acha kusimama hapo kama mgeni anayengoja kukaribishwa, njoo ukae nikuone. Nisikilizeni mpaka mwisho, msinikatize, kwa sababu nikikatizwa huenda nisiupate tena mwanzo wa maneno.

Sina mali ya kugombaniwa. Mbuzi ni wa Livhuwani, pamoja na chungu kikubwa cha pombe. Shamba la kando ya mto mlilime wote wawili, na asije mmoja wenu akaweka uzio katikati, ndugu hawawekeani uzio. Kibuyu cha tumbaku ni chako, Livhuwani, kwani mimi nikiondoka wewe ndiwe shangazi wa nyumba hii. Utawamwagia wazee waliotangulia maji, utawanyunyizia tumbaku, utawaita kwa majina kama nilivyokufundisha, na usimruke babu Masindi kwa kuwa alikuwa mkorofi. Wakorofi ndio hununa upesi. Mimi nimeshika kibuyu hicho tangu nikiwa na meno yote, na tumbaku yake haijaingia puani mwangu hata punje, kwa kuwa ya wafu ni ya wafu.

Baba yenu ndiye hakulielewa hilo, na leo nalisema wazi ingawa linaniuma.

Uwanja wa musangwe sisi wanawake hatuingii, mnajua. Kila Desemba wanaume wanapigana humo ngumi mikono mitupu, hakuna kengele wala mapumziko, mpaka mmoja ainue mkono akubali kushindwa, na sisi tunabaki barabarani tukisikiliza. Nndwakhulu, baba yenu, sikumwona akipigana hata siku moja. Nilimjua kwa mikono yake niliyoiloweka kwenye maji ya chumvi, na kwa pumzi yake, maana alipopigana alipumua kama mvukuto wa mhunzi, na mimi huko barabarani nikiisikia nilijua bado yumo. Alikuwa na mabega, jamani! Kila shati alilonunua ilibidi nifumue mikono niipanue.

Akishinda, watu walimpa nini? Sigara. "Bingwa hanunui!" walimwambia, wanamchomekea mdomoni, wanamwashia, wanagombania kumwashia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini yeye maji aliyatia kwenye mwili wake mwenyewe. Vidonda vya vidole vilivyokuwa vikifunga upesi vikaanza kukaa wazi, leo usaha, kesho usaha. Nilimpikia nyama, nikampikia viwavi wa mti wa mopane kwa ugali, anakula mpaka anaramba sahani, anabeba magunia ya mahindi kutwa ili ajijenge, na mwili haupokei. Yale mashati niliyoyapanua, nikaanza kuyapunguza.

Nesi wa zahanati alimwambia mbele yangu, "Kaka, misuli inakula damu na hewa. Moshi umekaa mahali pa hewa ndani ya damu yako, na nikotini inabana mishipa. Chakula unachokula hakijengi kitu." Baba yenu akacheka. "Nesi wangu, wazee wetu tunawapa tumbaku kila mwaka, na nani ana nguvu kuwashinda wao?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Kaka, wazee hawapigani. Wazee hawana mapafu." Akaniambia nimezidi uoga. Sikio la kufa halisikii dawa.

Desemba ile akapangiwa Mavhungu, yule mwembamba waliyemwita Panzi. Watu walimcheka kabla hajavua shati. Mimi nilisikiliza kutoka barabarani, na mvukuto nikausikia unakwaruza, kisha unakatika, kisha nikasikia kelele ya wanaume wote: Nndwakhulu ameinua mkono. Alipofika nyumbani nilimtafuta uvimbe, sikuuona. Alikaa kizingitini akitafuta hewa, na alipoipata kidogo, neno la kwanza aliloniambia ni, "Dada, niletee kiberiti."

Nilimchukia Mavhungu miaka mingi. Tukikutana njiani nilitema mate. Mpaka baba yenu alipolala kitandani kwa kifua, nikawa nambeba mgongoni kumpeleka nje, mwanamume yule, mwepesi kama kuni kavu, ndipo Mavhungu alipokuja akasimama uani na kofia mkononi. "Dada, mimi sikumpiga. Nilimzunguka tu, nikangoja." Nililia siku hiyo kuliko siku tuliyomzika baba yenu. Kwa hiyo kwenye maziko yangu mpeni kiti, na bia yake muimimine mpaka juu. Chuki yangu naiacha hapa, msiirithi.

Nipe maji, Livhuwani. Kidogo. Basi.

Mulalo mwanangu, usiangalie chini. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi sina tena muda wa kulia. Unasema unavuta moja tu ya kutuliza moyo. Baba yako alisema hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Na hicho kidude cha mvuke kinachonukia embe, unachosema si sigara, mbona asubuhi usipokipata unatukana mpaka mbuzi? Ni nikotini ile ile, imepakwa marashi. Shati lako la Desemba iliyopita, ulilotoka nalo uwanjani ukiwa bingwa, nililifua mimi. Livhuwani amelipunguza mikono juzi. Alinificha, lakini macho yangu bado yaliona sindano.

Najua mtaani watakucheka. Watasema, bingwa gani huyu havuti, amegeuka bibi harusi. Waambie tumbaku ya nyumba hii imechukuliwa yote na shangazi. Waambie shangazi ana choyo. Kila mwaka nimwagieni mimi, nitawagawia wazee wenzangu, kwani sisi hatutakuwa na mapafu ya kuharibika. Ninyi mnayo.

Sasa lete pakiti. Iweke hapa, kwenye kiganja. Na kile kidude. Na ile nyingine iliyo kwenye soksi, unadhani mimi sioni... Haya. Nizikeni navyo, mkono huu huu, Livhuwani, usikubali mtu anifumbue vidole.

Mungu awalinde, wazee wawatangulie. Mshikane. Usimpige dada yako maneno, Mulalo. Na ukienda uwanjani, yeye atakuwa barabarani, anasikiliza kama nilivyo... kama nilivyosikiliza mimi.

Sioni vizuri tena. Lakini masikio yapo. Njoo karibu, mwanangu, uvute pumzi nisikie. Kwa nguvu. Unakohoa... si kitu, kohoa. Itatoka. Vuta tena.

Tena, baba. Nasikiliza.