Chupa Ambayo Mama Molekuli Hakuifungua

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha fizikia katika shule hii, mwalimu ambaye kila mwanafunzi anamwita Mama Molekuli anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Wasifu wake nilikuwa nimeshauandika, mzuri tu, wenye vyeo na tarehe zake. Nimeuchana. Yaliyotokea Jumanne iliyopita yameniacha mdomo wazi, na mimi ndiye mwalimu wa kemia niliyetumia naye maabara moja miaka yote hiyo!

Alipanda kutoka mwalimu wa kawaida hadi mkuu wa idara. Mara mbili aliteuliwa kuwa naibu mkuu wa shule, na mara mbili alikataa, eti ofisini hakuna vijana wa kuchokoza. Ufaulu wa fizikia ulipaa mikononi mwake mpaka shule jirani zikaanza kutuma walimu wao kuja kuchungulia.

Walichokuja kuchungulia ni somo lake la mwendo wa molekuli. Wanafunzi hufumba macho, kimya kabisa. Yeye hufungua chupa ya marashi kwenye meza ya mbele, na kila anayefikiwa na harufu hunyoosha mkono. Mikono huanza mbele, ikasogea nyuma taratibu, huku wa dawati la mwisho wakisubiri weee. Ndipo huwauliza: molekuli hizi zinakimbia kuliko ndege, sasa mbona zimechelewa? Jibu hulipata wenyewe. Zinagongana njiani, zinarudishwa, zinapinda, kama wao wenyewe kwenye korido wakati wa mapumziko. Kisha huwasimulia gesi kamilifu, ile ya vitabuni, ambayo molekuli zake hazivutani, hazipotezi nishati zikigongana, wala hazichoki. Huongeza kwamba mwalimu wa namna hiyo bado hajaajiriwa.

Utani huo ndio uliotupumbaza. Siku moja alimmiminia mkaguzi chai ya maziwa yaliyochacha, yananuka chumba kizima cha walimu, naye uso mkavu. Tulicheka hadi machozi, tukijua kafanya makusudi.

Jumanne lilikuwa somo lake la mwisho. Darasa limefumba macho, chupa iko mkononi bado imefungwa, na kiberiti kiko mezani kwa jaribio la pili, la kupasha hewa moto. Ghafla mikono ikaanza kunyooshwa, tena kuanzia nyuma, upande wa stoo ya mitungi! Watoto walidhani siku ya kuaga kawabadilishia harufu, na kwa kuwa sheria ni kunyamaza, walinyamaza. Yeye akaitazama mikono ikimjia safu kwa safu. Akakitia kiberiti mfukoni, akawatoa wote kwa mlango wa mbele, kisha akaenda kufunga mtungi wa gesi uliokuwa ukivuja.

Niliposikia vishindo nilikimbilia kule. Gesi ilinipiga puani nikiwa bado mlangoni. Nilimkuta anafungua madirisha, ametulia tuli, nikamwuliza anawezaje kuvumilia harufu ile. Akaniuliza ikoje.

Jamani! Hasikii harufu yoyote. Kabla hajaajiriwa aliugua homa kali, akapona, pua haikupona. Alificha kwa kuogopa kuondolewa maabara. Nilihamaki, sifichi, maana kama darasa lingekuwa la wakaidi wasionyoosha mikono, kiberiti kile kingewashwa. Hakujitetea. Alisema tu kwamba alilipenda somo lile kwa sababu ndipo mahali pekee alipopata kuiona harufu ikipita.

Mkuu wa shule amekwisha kuagiza kifaa cha kutambua gesi, na kila mwalimu wa maabara atapimwa pua. Shemeji yetu, mume wake, tulipompigia simu alishangaa kwamba tunashangaa. Tangu waoane, jiko la nyumbani huliwasha na kulizima yeye. Alidhani tunajua.

Mwalimu, jiko endelea kumwachia shemeji, na maisha yako yawe mema na marefu. Jumanne ile jioni watoto wote wa darasa lako walirudi makwao, wakala, wakalala. Asante.