Oktavia na Swali la Viazi

Kamwene, wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni mkiota moto na mlio safarini na redio ndani ya gari. Leo tunamkumbuka Oktavia Mtweve, mwigizaji wa filamu, mzaliwa wa Lugarawa, mkazi wa Makambako, mama mzazi wa Lidia. Narudia jina, Oktavia Mtweve. Kama halikujii haraka, swali lake utalikumbuka: "Nani kanilia viazi vyangu?"

Naam. Ndiye huyo.

Oktavia hakuitafuta filamu, filamu ilimfuata. Alikuwa akifuma masweta kwa mashine pale Makambako. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, watu wa filamu wakaja kutoka Dar es Salaam na vishati vyao vyepesi. Baridi ikawatia adabu. Oktavia akawapelekea masweta, na mwongozaji alipomsikia anavyobishana bei, akasema huyu ndiye mjane wangu. Tangu hapo akacheza filamu zaidi ya ishirini. Mjane, mama mkwe, mama mwenye nyumba. Nafasi ya mtu mwenye raha hakuwahi kupewa, na alikuwa akilalamika nyumbani, "Hivi hii sura yangu haifai hata kula pilau ya harusi?"

Filamu ya viazi ndiyo iliyompa jina. Mjane anatoka shambani, anakuta sufuria tupu. Anasimama, mfuniko mkononi. Hafoki. Anauliza taratibu, "Nani kanilia viazi vyangu?" Na binti yake anajibu kutoka mlangoni, "Ni mimi, mama. Nilikuwa na njaa."

Mazoezi ya kipande hicho aliyafanyia jikoni kwake. Aliyekuwa akimjibu ni Lidia, wakati huo kidato cha kwanza, karatasi mkononi.

"Tulirudia mpaka nikachoka," anasema Lidia. "Nikiwahi kujibu ananikemea. Ananiambia, subiri kwanza, acha niumie."

Mwaka jana, wakati wa kupalilia mahindi, Oktavia alianguka jikoni humo humo. Kiharusi. Narudia, ni kiharusi. Akalazwa hospitali ya Ilembula. Baada ya wiki kadhaa akaweza kukaa, akaweza kumeza uji. Maneno hayakurudi. Yalirudi manne tu, na ninyi mnayajua. Akitaka maji, nani kanilia viazi vyangu. Mgongo ukimuuma, nani kanilia viazi vyangu. Mchungaji alimaliza kumwombea, akasubiri amina, akapewa viazi.

Watu walicheka, wasikilizaji wapendwa. Hawakuwa wabaya. Walidhani mama yao wa filamu bado anawachekesha. Mmoja alimrekodi kwa simu, na kabla jua halijazama video ilikuwa imefika Songea. Lidia aliiona kwa jirani. Angemwambia nani aifute?

Daktari alimweka Lidia kando. "Mama anajua anachotaka kusema," alimwambia. "Ila mdomo unamletea hayo hayo. Na akiitikia kwa kichwa usitegemee sana. Ndiyo na hapana zimemchanganyikia."

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Lidia alihitaji kujua jambo moja tu: mama yake alitaka kuzikwa wapi. Mume wa Oktavia, marehemu Methusela Mwalongo, Mlutheri wa Makambako, amelala nyuma ya nyumba yao. Wazazi wa Oktavia, Wakatoliki, wamelala Lugarawa. Enzi za uzima wake Oktavia akiulizwa alikuwa akijibu kwa mzaha, nizikeni penye joto. Njombe nzima utapata wapi penye joto?

Mjomba Tarsis, kaka wa Oktavia, alikuja akapiga magoti kando ya kitanda. "Dada, ikifika siku, turudi nyumbani Lugarawa?" Oktavia akaitikia kwa kichwa. Tarsis akalia kwa furaha. Siku iliyofuata akaja baba mdogo Obed, mdogo wake Methusela. "Shemeji, wewe ni wa hapa hapa, kwa mumeo. Au siyo?" Oktavia akaitikia vilevile, na machozi yakamtoka. Lidia alikuwepo mara zote mbili. Kila mmoja aliondoka na ndiyo yake, na yeye akabaki hana hata moja.

Lidia akarudi na mama nyumbani. Miezi ikapita hivyo. Jumapili moja mchana, kikombe cha uji mkononi mwa Lidia, mama akamkazia macho akauliza tena. Lidia alileta maji. Siyo. Blanketi. Siyo. Akamgeuza upande, akazima redio, akaiwasha. Swali likarudi, polepole kuliko zamani. Lidia aliishiwa la kujaribu. Akaweka kikombe chini, akasubiri kidogo kama alivyofundishwa, akasema, "Ni mimi, mama. Nilikuwa na njaa."

 Oktavia akaegemea mto na kushusha pumzi, kama mtu aliyetua ndoo. Hakuuliza tena. Jumanne alifariki.

Wazee walipokaa, walimuuliza Lidia, mama aliacha neno gani? Akasema ukweli, kwamba aliitikia kote kuwili. Ukweli huo haukumsaidia mtu. Upande wa mume ulikuwa na watu wengi, na kaburi lilishaanza kuchimbwa. Oktavia alizikwa Makambako. Mjomba Tarsis aliondoka bila kuonja chakula cha msiba, na simu ya Lidia hapokei mpaka leo.

"Sijui kama tumemlaza alikotaka," anasema Lidia. "Sijui, na wa kumuuliza hayupo. Nikipita pale kaburini naomba radhi, ila sijui naomba kwa kosa gani."

Tunawapa pole Lidia, baba mdogo Obed na ukoo wa Mwalongo. Mzee Tarsis, na ndugu wote wa Lugarawa, poleni sana. Nanyi mnaotusikiliza, kama mzazi yupo hapo sebuleni, muulizeni leo angali na maneno yake. Akileta mzaha, chekeni naye, kisha mumuulize tena.

Tunamaliza kwa sauti ya Oktavia mwenyewe, kutoka kwenye ile filamu. Kwa ombi la Lidia, fundi mitambo wetu amekata kipande hicho kabla jibu halijaja. Kwa hiyo ukimsikia anauliza, usicheke. Subiri kidogo, acha aumie. Kisha mjibu.