Marilac, Aliyemtafuta Mama Yake kwa Penseli

Ndugu na majirani mliokuja kumsindikiza Marilac Feitosa Landim, wasifu huu ni mfupi. Mwenyewe alionya kwamba ukizidi kurasa mbili atafufuka aje aukate.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1968 mjini Crato, jimbo la Ceará, Brazili, mtoto pekee wa Otacílio na Valdenora. Mama alifariki Marilac akiwa na miaka miwili, bila kuwahi kupigwa picha hata moja maishani mwake.

Alisoma hapo hapo Crato, akatolewa nje ya darasa kwa kumchora mwalimu wa hesabu ana mkia. Chuo cha sanaa alimalizia Recife, 1991. Mwaka 1994 aliolewa na Gilvando, dereva wa lori. Alimkubali, alisema, kwa kuwa pua yake ni rahisi kuchora.

Alifundisha kuchora Juazeiro do Norte, na kuanzia 2006 akatoa riwaya za picha za familia ambayo wafu wake huingia jikoni asubuhi kulalamika kahawa haina sukari. Wajomba walizoea kutamba kwamba bibi yao, Mkariri, kabila la wenyeji wa asili wa huko, alinaswa porini na babu kwa kamba, akafanywa mke. Marilac akamchora bibi kaishika kamba, babu ndiye kafungwa. Wajomba wakanuna wiki nzima kwenye grupu la WhatsApp. Akawatengenezea stika za minuno yao.

Ukutani kwao kulikuwa na picha aliyoambiwa tangu utotoni ni ya mama, kazi ya wale mafundi waliopita nyumba kwa nyumba kupaka picha rangi, wakiwavisha maskini suti na kuwafumbua marehemu macho. Kutokana nayo alimchora mama katika vitabu viwili. Mwaka 2011 mama yake mkubwa, Dasdores, alikifungua cha pili mezani, akacheka.

“We mtoto, huyu mbona mimi? Baba'ko hakuwa na picha ya marehemu, akampa fundi picha yangu. Gauni tu ndilo la mama'ko.”

“Na miaka yote hiyo mmenyamaza?”

“Ulikuwa unaiaga kila ukienda kulala. Nani angekuwa na roho hiyo?”

Tangu hapo alimchora mama kwa mgongo tu: anaosha vyombo, anaanika nguo. Wasomaji wakasifu ufundi. Nyumbani ilijulikana kwamba hana cha kuchora.

Februari 2024 aligundulika na saratani ya kongosho. Kitabu cha tano alikimalizia kitandani, isipokuwa picha ya mwisho, ambapo mama anageuka. Nywele zipo, sikio lipo, uso mtupu. Binti yake, Tainara, akaomba ruhusa aujaze kwa sura ya Marilac mwenyewe, maana lazima wanafanana.

“Umeanza mambo ya ile picha ya Dasdores,” akamwambia. “Acha hivyo hivyo. Naenda kumwona mwenyewe.”

Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Agosti 2024, kitabu kikiwa kiwandani kinachapwa, ukurasa ule ukiwa vile vile.

Ameacha mume, Gilvando. Watoto, Tainara na Ruan. Mama mkubwa Dasdores, miaka tisini na moja, na paka asiyemheshimu mtu.

Apumzike. Na akishamwona mama, amtazame taratibu. Huku hakuna anayemharakisha.